Kupanda na Kushuka kwa Mpira wa Magongo

Msomaji, ukisimama Cheptiret, kando ya ile barabara kuu itokayo Eldoret kwenda Nakuru, ukamwuliza mpita njia yeyote nchi ya Kenya imejipatia sifa kwa mchezo gani duniani, hutangoja jibu. Atakuambia ni mbio. Tena atakutajia majina ya wakimbiaji mmoja baada ya mwingine, na baadhi yao watakuwa majirani zake. Lakini endelea kumwuliza: Je, ni timu gani za Kenya zilizowahi kusimama miongoni mwa nne bora za dunia? Huenda akafikiri kidogo, akakutajia timu ya kriketi ya mwaka 2003. Wachache mno watakumbuka kwamba zaidi ya miaka thelathini kabla ya hapo, katika mwezi wa Oktoba mwaka 1971, vijana wa Kenya wenye magongo mikononi walishika nafasi ya nne katika Kombe la kwanza la Dunia la mpira wa magongo.

Jambo hili lina ajabu mbili. Ajabu ya kwanza ni kwamba nchi iliyokuwa na uhuru wa miaka minane tu iliweza kupanda juu namna hiyo. Ajabu ya pili ni kwamba nchi hiyo hiyo haijaonekana tena katika Kombe la Dunia la wanaume tangu mwaka 1973, wala katika mchezo huo wa Olimpiki tangu mwaka 1988. Kazi ya mwanafunzi wa historia si kukariri tarehe kama kasuku. Kazi yake ni kuuliza jambo limetokeaje, na kutoridhika na jibu la kwanza analopewa. Basi na tuulize pamoja: Kenya ilipandaje, na kwa nini ikashuka? Na je, aliyeshuka chini ya ngazi ana la kujifunza huko chini?

Kwanza yafaa tuujue mchezo wenyewe. Mpira wa magongo, ambao wengi huuita hoki, huchezwa na watu kumi na mmoja kila upande, katika uwanja wenye urefu wa kiasi cha mita 91 na upana wa mita 55. Kila mchezaji hushika gongo lililopinda mwishoni, lenye upande mmoja bapa na upande mwingine wa mviringo. Upande ulio bapa ndio peke yake unaoruhusiwa kuupiga mpira. Mpira ni mdogo, mgumu kama jiwe. Bao halihesabiwi ila mpira uwe umeguswa na mshambuliaji ndani ya nusu duara iliyo mbele ya lango. Kwa hiyo nguvu peke yake haimfaidii mtu. Mchezo huu hutaka mkono mwepesi, jicho kali, na zaidi ya yote mazoezi ya tangu utotoni.

Sheria za hoki ya sasa zilitungwa Uingereza katika karne ya kumi na tisa, na chama cha kwanza cha taifa kikaundwa huko mwaka 1886. Askari wa Kiingereza waliuchukua mchezo huo hadi India, na huko ukapata watu waliouzidi ufundi wale walioufundisha. Tangu mwaka 1928 hadi mwaka 1956 India ilitwaa dhahabu ya Olimpiki mara sita mfululizo. Chama cha dunia cha mchezo huu kilianzishwa Paris mwaka 1924.

Huku kwetu mchezo ulifuata njia ya reli. Kati ya mwaka 1896 na mwaka 1901 Waingereza walijenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, na wakaleta zaidi ya wafanyakazi 30,000 kutoka India. Wengi walirudi kwao kazi ilipokwisha, lakini wengine walibaki, na wengine wakawafuata. Masingasinga walikuwa mafundi: waashi, maseremala, wahunzi na makanika. Wagoa, waliotoka katika koloni la Wareno pwani ya magharibi ya India, wengi wao walikuwa makarani katika ofisi za serikali na za reli. Jamii hizi zilijijengea vilabu vyao Nairobi na katika miji mingine, na kando ya kila kilabu pakawa na uwanja. Saa kumi na moja ya jioni, ofisi na karakana zilipofungwa, magongo yalitolewa.

Palikuwa na shule vilevile. Mojawapo iliyojulikana sana ni shule ya Wagoa ya Nairobi iliyopewa jina la Dr. Ribeiro, yule daktari Mgoa aliyewashangaza watu wa Nairobi ya zamani kwa kuwatembelea wagonjwa wake akiwa amempanda punda milia. Katika uwanja wa shule hiyo watoto walijifunza kushika gongo pamoja na kujifunza kusoma, na wengi wao walikuja kuwa wachezaji wa taifa. Kumbuka jambo hili, msomaji, maana tutalirudia: timu ya taifa haianzi katika taifa, huanza katika uwanja wa shule.

Sasa tazama upande wa pili. Serikali ya kikoloni iliwagawa watu kwa rangi. Palikuwa na shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika; hospitali zikagawanywa vivyo hivyo, na vilabu pia. Mtoto wa Kiafrika wa Uasin Gishu au wa Kavirondo alipewa mbio na kandanda. Gongo halikumfikia, kwa kuwa shule yake haikuwa na magongo, na shule iliyokuwa nayo haikumpokea. Wachezaji wenyewe hawakuupanga utaratibu huo, na si haki kuwalaumu. Lakini matokeo yake yalikuwa makubwa. Mpira wa magongo wa Kenya ulikua kama mti wenye matawi mapana juu ya shina jembamba. Ukiutazama juu unapendeza. Ukishuka chini kuutazama shina, unaanza kuogopa upepo.

Kenya iliingia katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1956, huko Melbourne, Australia, nayo ilipeleka timu ya magongo. Timu zilikuwa kumi na mbili, na Kenya ikawa ya kumi. Hakuna aliyeiandikia sifa kubwa. Walakini wale vijana walikuwa wameona kwa macho yao namna India na Pakistan zilivyocheza, na waliporudi nyumbani walijua wamepungukiwa na nini.

Miaka minne baadaye, huko Rome mwaka 1960, Kenya iliingia robo fainali. Mwaka ule robo fainali zote nne ziliamuliwa kwa tofauti ya bao moja tu, ndivyo timu zilivyokuwa zimekaribiana. Kenya ilishindwa na Uingereza kwa mabao 2 kwa 1. Mwaka 1964, huko Tokyo, Kenya ilikwenda kama nchi huru kwa mara ya kwanza, ikashika nafasi ya sita. Hiyo ndiyo nafasi ya juu kabisa iliyopata kufika katika magongo ya Olimpiki. Katika michezo hiyo hiyo Wilson Kiprugut alipata medali ya shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Kenya, na bendera ya taifa ilibebwa na Seraphino Antao, mkimbiaji Mgoa wa Mombasa. Kwa siku chache pale Tokyo, Kenya ilionekana mbele ya dunia kama ilivyotamani kuwa: watu wa asili mbalimbali chini ya bendera moja.

Miongoni mwa waliovaa jezi ya Kenya katika miaka hiyo walikuwamo Alu Mendonca, Hilary Fernandes, Edgar Fernandes na Surjeet Singh Panesar. Juu ya wote hutajwa Avtar Singh Sohal, mlinzi aliyecheza katika Michezo minne ya Olimpiki, ya 1960, 1964, 1968 na 1972, na katika mitatu ya mwisho akawa nahodha. Mwaka 1968, huko Mexico, Kenya ilikuwa ya nane. Mji wa Mexico uko juu sana, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na wakimbiaji wa Kenya waliozoea hewa ya milimani waling'ara mno. Kipchoge Keino alishinda dhahabu ya mita 1,500. Timu ya magongo ilivuta hewa ile ile, lakini haikupata medali. Hapo tunaona kwamba hewa nyembamba humsaidia mtu, ila haimfundishi.

Kisha ukaja mwaka 1971. Kombe la kwanza la Dunia lilikusudiwa kuchezwa Pakistan, lakini kwa sababu ya uhasama kati ya Pakistan na India likahamishiwa Barcelona, Uhispania. Timu zilikuwa kumi. Kenya, ikiongozwa na Avtar Singh Sohal, ilifika nusu fainali, ikashindwa na wenyeji Uhispania kwa bao 1 kwa 0. Katika kuwania nafasi ya tatu ilishindwa na India kwa mabao 2 kwa 1. Kwa hiyo bao moja liliinyima fainali, na bao jingine likainyima medali. Nyuma yake zilibaki Ujerumani Magharibi, Uholanzi, Ufaransa, Australia, Japani na Argentina. Soma majina hayo mara ya pili, msomaji, upate kuona Kenya ilikuwa imesimama wapi.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Katika Kombe la pili la Dunia, mwaka 1973 huko Uholanzi, Kenya ilikuwa ya kumi na mbili, yaani ya mwisho. Kati ya Barcelona na Uholanzi ilipita miaka miwili tu. Palitokea nini?

Sababu ya kwanza ni kuondoka kwa watu. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wakazi wengi wa asili ya Asia walipewa miaka miwili ya kuomba uraia. Baadhi yao waliomba. Wengine walisita, wakabaki na pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria zilizowataka wasio raia kupata vibali vya kufanya kazi na leseni za biashara. Mara watu wengi wakaanza kuhama, na walipoona Uingereza inataka kufunga mlango wakaharakisha. Naam, mwezi wa Machi mwaka 1968 Uingereza ilipitisha sheria ya kuwazuia wengi wao. Waliohama walikwenda Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko. Makarani, walimu, mafundi na watoto wao waliondoka. Mchezaji aliyefika kilele chake hubaki katika timu miaka kadhaa, kwa hiyo mwaka 1971 pengo lilikuwa bado halijaonekana. Lakini wadogo zake, wale ambao wangemrithi, walikuwa tayari wanacheza katika viwanja vya Toronto na London.

Katika nchi jirani jambo hili lilikuwa kali zaidi. Mwanzoni mwa mwezi wa Agosti mwaka 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wataondoka Uganda katika muda wa siku 90. Mwisho wa mwezi ule ule Michezo ya Olimpiki ilifunguliwa Munich, na Uganda ilikuwa na timu ya magongo huko, yenye wachezaji wengi wa asili ya Asia. Fikiri hali yao. Walikuwa wakiichezea nchi ambayo nyumbani ilikuwa ikiwahesabia siku jamaa zao. Uganda ilikuwa ya kumi na tano kati ya timu kumi na sita, na Kenya ya kumi na tatu. Watu hulikumbuka jina la John Akii-Bua, aliyeshinda dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi katika michezo hiyo, na ni haki wamkumbuke. Lakini yafaa tuwakumbuke na wale wenye magongo, ambao mchezo wao katika Uganda ulipoteza karibu watu wake wote kabla ya mwaka kwisha.

Sababu ya pili ni kutokuwapo. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, zilijitoa katika Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya Makaburu. Mwaka 1980 Kenya iligomea Olimpiki ya Moscow kwa sababu majeshi ya Urusi yaliingia Afghanistan. Sisemi kwamba kususia kulikuwa kosa. Ubaguzi wa rangi ulikuwa uovu uliohitaji kupingwa kwa kila njia, na nchi iliyoonja ubaguzi isingeweza kukaa kimya. Lakini kila msimamo una gharama yake, na mwanahistoria sharti aiandike gharama hiyo. Asiyekuwapo na lake halipo. Kijana aliyekuwa na miaka 18 wakati wa Munich alikuwa na miaka 30 Kenya iliporudi Olimpiki mwaka 1984. Umri wake wote wa kucheza ulipita akingoja. Na katika Montreal dhahabu ya magongo ilikwenda wapi? Ilikwenda New Zealand, nchi ile ile iliyokuwa chanzo cha mgomo.

Moscow nako kulikuwa na mafunzo mawili kwa Afrika. Kwa kuwa mataifa mengi hayakwenda, nafasi za magongo zilibaki wazi. Tanzania ilipeleka timu ya wanaume, ikakutana na India, ikafungwa mabao 18 kwa 0, na mwisho ikawa ya sita kati ya timu sita. Zimbabwe, iliyopata uhuru mwezi wa Aprili mwaka huo huo, iliitwa dakika za mwisho kupeleka timu ya wanawake, nayo ikarudi na medali ya dhahabu. Zote mbili zilifunguliwa mlango ule ule. Tofauti ilikuwa katika maandalizi: wale wanawake walikuwa wamecheza tangu shuleni.

Sababu ya tatu ilikuwa chini ya miguu. Katika Montreal magongo ya Olimpiki yalichezwa kwa mara ya kwanza juu ya nyasi bandia. Watu wengi hudhani hilo ni badiliko dogo. Sivyo. Juu ya nyasi za kawaida mpira hurukaruka, na mwenye ufundi wa kuutuliza kwa gongo humshinda mwenye mbio. Juu ya nyasi bandia zilizonyunyiziwa maji mpira huteleza kwa kasi na kunyoka, na mchezo huwa wa nguvu, mbio na pasi ndefu. Mtoto aliyefundishwa kwenye nyasi akipelekwa huko huwa kama mtu aliyefundishwa kuogelea mtoni kisha akatupwa katikati ya bahari. Tena uwanja huo hugharimu fedha nyingi, huchakaa baada ya miaka kadhaa ukahitaji kutandikwa upya, na hunywa maji mengi. Nchi tajiri zilitandika viwanja kwa makumi. Nchi zetu zilihesabu senti zao, zikawa na uwanja mmoja au zisiwe na hata mmoja.

Sasa, msomaji, ukiulizwa katika mtihani sababu za kushuka kwa mchezo huu, usikimbilie moja ukaziacha nyingine. Wengine husema: "Ni nyasi bandia." Lakini India na Pakistan nazo zililelewa kwenye nyasi za kawaida, na ingawa ziliumia, Pakistan ilishinda Kombe la Dunia mwaka 1978, 1982 na 1994. Wengine husema: "Ni kususia." Lakini mdidimio ulionekana mwaka 1972 na 1973, kabla ya Montreal. Wengine husema: "Ni kuhama kwa Waasia." Hilo liko karibu zaidi na kweli, ila nalo lataka swali jingine: Kwa nini kuondoka kwa jamii moja kuliweza kuutikisa mchezo wa taifa zima? Jibu tumelikwisha kulitaja. Shina lilikuwa jembamba. Utaratibu wa kikoloni ulikuwa umeufungia mchezo katika nyua chache, na baada ya uhuru hazikupatikana shule za kutosha, mapema ya kutosha, za kuupanda mchezo huo mahali pengine. Kuhama kwa watu, kususia na nyasi bandia zilikuwa pepo tatu; lakini upepo hauangushi mti wenye shina nene.

Hata hivyo mti haukufa. Katika miaka ya 1980 kikosi cha Kenya kilikuwa na sura mpya. Pamoja na wachezaji wa asili ya Asia walionekana akina Peter Akatsa, Michael Omondi na Lucas Alubaha, vijana wa Kiafrika waliojifunza mchezo baada ya shule kufunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mwaka 1984, huko Los Angeles, Kenya ilikuwa ya tisa, ikizishinda kwa nafasi Kanada, Malaysia na Marekani. Mwaka 1987 Nairobi ilikaribisha Michezo ya Afrika Nzima, uwanja wa City Park ukatandikwa nyasi bandia, na Kenya ikatwaa dhahabu ya magongo. Mwaka uliofuata ikaenda Seoul, ikawa ya kumi na mbili. Tangu hapo mlango umefungwa. Afrika Kusini ilirudi michezoni baada ya ubaguzi kuanza kuvunjwa, ikiwa na viwanja na makocha wengi, na nafasi chache za Afrika zikawa ngumu mno kupatikana.

Basi timu iliyotoka katika safu ya juu hucheza wapi? Hucheza katika mashindano ya ngazi ya chini. Dunia ya magongo imejengwa kama ngazi. Tangu mwaka 1977 palikuwa na kombe maalumu la kuwania nafasi za Kombe la Dunia. Mwaka 2001 yakaanzishwa mashindano kwa timu za daraja la pili, na mwaka 2009 yakaongezwa mengine kwa zile zilizo chini zaidi. Mwaka 2019 ilianza ligi kuu ya mataifa, na mwaka 2022 Kombe la Mataifa, ambalo mshindi wake hupewa nafasi ya kupanda katika ligi hiyo. Mwezi wa Februari mwaka 2025 daraja la chini ya hilo lilichezwa Muscat, Oman. Magazeti makubwa hayaandiki sana habari za mashindano hayo, na viti vya watazamaji mara nyingi havijai.

Lakini usiyadharau. Mwishoni mwa mwaka 2011, mjini Johannesburg, yalichezwa mashindano ya daraja la pili ya wanaume. Katika fainali Ubelgiji iliifunga India mabao 4 kwa 3. India hiyo, bingwa wa zamani, ilikuwa imeshuka hata ikakosa Olimpiki ya mwaka 2008. Na Ubelgiji ilikuwa bado haijapata jina kubwa. Nani aliyejali? Lakini miaka saba baadaye Ubelgiji ilikuwa bingwa wa dunia. Na mwaka 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, timu zile zile mbili zilikutana katika nusu fainali. Ubelgiji ilishinda, ikaendelea hadi dhahabu. India ikapata shaba, medali yake ya kwanza ya magongo katika Olimpiki kwa muda wa miaka 41. Wale waliokaa katika viti vya Johannesburg walikuwa wametazama, bila kujua, mwanzo wa mambo makuu.

Wala tusijidanganye kwamba bidii peke yake hupandisha. Mwezi wa Desemba mwaka 2022 Afrika Kusini ilishinda Kombe la kwanza la Mataifa katika mji wake wa Potchefstroom, kwa kuifunga Ireland mabao 4 kwa 3. Ilikuwa imepata haki ya kupanda. Lakini msimu wa 2023 hadi 2024 ulipoanza, iliyoonekana katika ligi kuu ilikuwa Ireland. Mwaka 2025 New Zealand nayo ilishinda kombe hilo, na nafasi ya kupanda ikachukuliwa na Pakistan iliyokuwa ya pili. Ligi inayowataka wachezaji kuzunguka mabara mwaka baada ya mwaka hutaka mfuko mzito. Kwa hiyo ngazi ina vipago, na kila kipago kina bei yake. Ajuaye hilo hupanga, asiyejua hulalamika.

Turudi sasa upande wetu wa nchi. Ukiondoka Cheptiret ukapita Eldoret na kuelekea kaskazini, utafika Kitale, ambako shule ya St. Anthony's imejijengea jina katika mpira wa magongo. Ukipinda magharibi utaikuta Friends School Kamusinga, nayo ni hivyo hivyo. Na katika Kakamega, nchi ya miwa, ilizaliwa klabu ya Butali Warriors iliyopata kuvua vilabu vya Nairobi ubingwa wa ligi. Angalia ramani, msomaji. Mchezo uliokuwa umefungiwa kando ya vilabu vya makarani na mafundi wa Nairobi sasa una watoto wa wakulima katika nchi za magharibi. Shina linanenepa. Hilo halionekani katika orodha ya washindi wa dunia, lakini mwanahistoria hutazama shina kabla ya kuhesabu matunda.

Nyinyi mnaosoma kurasa hizi pengine mtacheza katika uwanja wa nyasi wenye mabonde, kwa magongo yaliyofungwa utepe kwa kuwa yamepasuka. Mkishindwa na shule jirani, mtaudhika. Lakini kumbukeni kwamba timu iliyokuwa ya nne duniani mwaka 1971 ilikuwa ya kumi mwaka 1956, tena kati ya kumi na mbili. Haikupanda kwa muujiza. Ilipanda kwa sababu kila jioni palikuwa na uwanja, na katika uwanja palikuwa na mtoto, na pembeni ya mtoto palikuwa na mtu mzima wa kumwonyesha namna ya kulishika gongo. Na haikushuka kwa laana. Ilishuka kwa sababu uwanja, mtoto na mtu mzima vilikuwa mahali pamoja tu, na mahali hapo palipotikisika hapakuwa na pengine.

Kwa hiyo nchi ikitaka kupanda tena, swali la kuuliza kwanza si nani atakuwa nahodha wake. Swali ni hili: Kuna shule ngapi ambamo mtoto, awe wa kabila lolote na wa rangi yoyote, anaweza kuchukua gongo leo jioni akafundishwa? Nenda ukazihesabu katika wilaya yako. Hesabu hiyo ndiyo itakayokuambia habari za miaka ishirini ijayo.